Bei tatu ndani ya kisanduku kimoja

Sonara aliipokea sarafu ya dhahabu ya dada yangu, ikiwa ndani ya kisanduku chake cha plastiki, kwa vidole viwili, akaigeuza upande wa Mwalimu, akaigeuza upande wa duma, kisha akagonga plastiki kwa ukucha kama mtu anayechagua dafu. "Dada, hii siwezi kuipima ikiwa humu ndani. Nivunje?"

Dada yangu akanitazama. Nikatikisa kichwa.

"Basi nitakadiria. Hii ni karati ishirini na moja na kitu, tuseme ishirini na moja. Tena ina mchubuko, huu hapa begani kwa mnyama. Nitapunguza kidogo kwa ajili ya huo."

Ilikuwa asubuhi, Ngamiani, hapa Tanga, katika mojawapo ya barabara zetu za namba, baiskeli zimejaa kibarazani. Nilicheka mpaka sonara akanikasirikia. Mtu anataka kuiyeyusha sarafu iwe bangili, halafu anakata bei kwa sababu ya mchubuko! Lakini njiani kurudi Chumbageni, dada akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa sentensi moja: "Sasa kama si bei ya sonara, bei yake ni ipi?" Makala haya ni jibu refu la swali lile.

Sarafu yenyewe ni ya shilingi 1,500, ya mwaka 1974. Miaka ile nchi nyingi zilitoa sarafu za kuhamasisha uhifadhi wa wanyamapori, na Tanzania ilikuwamo: twiga kwenye shilingi 25 ya fedha, kifaru kwenye shilingi 50 ya fedha, na duma kwenye shilingi 1,500 ya dhahabu, upande wa pili sura ya Mwalimu Nyerere. Marehemu shemeji alikuwa baharia. Aliinunua Durban ikiwa tayari imefungwa kwenye kisanduku kigumu cha plastiki, kile ambacho wakusanyaji wanakiita slabu, na lebo juu yake ikiandikwa daraja lake la ubora, MS 67, pamoja na namba ndefu ya usajili. Risiti aliiweka. Mungu amrehemu kwa hilo peke yake.

Kabla sijaendelea, niondoe jambo moja njiani. Hapa Tanga ukitamka "sarafu ya dhahabu" tu, wasikilizaji watatu kati ya wanne watakwambia habari za mali ya Mjerumani: iliyofukiwa chini ya mbuyu, iliyojengewa ukutani, iliyofichwa kwenye mapango ya Amboni. Sarafu ya dhahabu ya Mjerumani ipo kweli. Ni ile ya rupia 15 yenye tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli, vita vikiwa vimewabana, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka 16,198 tu, na dhahabu yake ni 750 kwa 1,000, yaani karati 18. Ni sarafu ya historia, na soko lake lina kanuni zake na matapeli wake. Ya dada ni ya kisasa. Haikufukiwa popote. Ilikaa kwenye kasha, katikati ya kanga, na ugumu wa kuiuza unatoka kwingine kabisa.

Unatoka hapa: ndani ya kisanduku kile kuna bei tatu zilizokaa pamoja, na kila mnunuzi anaiona moja tu. Kuna bei ya dhahabu. Kuna bei ya sarafu, yaani ya duma, Mwalimu na mwaka 1974. Na kuna bei ya ile 67. Anayeuza bila kuzitenganisha ataibiwa na anayezijua, au yeye ndiye atakayemwibia asiyezijua, na kwenye jumuiya ndogo ya wakusanyaji hilo la pili linarudi haraka kuliko la kwanza.

Bei ya dhahabu ni hesabu ya darasa la sita, ila ina mitego miwili. Sarafu ina uzito wa gramu 33.437, na dhahabu ndani yake ni sehemu 900 katika 1,000. Dhahabu safi basi ni gramu 30.09. Ukisikia bei ya soko la dunia, inatajwa kwa aunsi, na aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1, si ile ya jikoni ya gramu 28.35. Huo mtego wa kwanza. Mtego wa pili ndio ule wa sonara wetu. Dhahabu safi ni karati 24, kwa hiyo mia tisa kwa elfu ni karati 21.6. Aliposema "karati ishirini na moja na kitu, tuseme ishirini na moja," hicho "kitu" alikiweka mfukoni. Tuseme kwa mfano tu kwamba gramu moja ya dhahabu safi ni shilingi 300,000. Kwa 21.6, dhahabu iliyomo ni milioni tisa na elfu ishirini na nane. Kwa 21, inakuwa gramu 29.26, na zimeshapotea zaidi ya laki mbili na nusu kabla hata hajataja mchubuko. Simlaumu sana. Kazi yake ni kununua dhahabu ya kuyeyusha, ana tindikali yake na jiwe lake la kuchorea, na karati 21.6 si kipimo anachokutana nacho kwenye hereni za bibi harusi. Lakini hiyo ndiyo sakafu. Chini ya hapo hakuna sababu ya kuuza.

Bei ya pili, ya sarafu, haina kanuni ya hesabu. Inategemea zilitoka ngapi, zimebaki ngapi, na wangapi wanazitaka. Kwa sarafu za kisasa, watu wengi wanajidanganya hapa. Krugerrand ya Afrika Kusini, ambayo imekuwa ikitengenezwa tangu 1967 kwa mamilioni, ni sarafu nzuri na ni dhahabu aunsi moja kamili, lakini anayeinunua ananunua dhahabu yenye sura, basi. Nyongeza juu ya bei ya dhahabu ni ndogo, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Duma wa 1974 ni habari nyingine: alitengenezwa mara moja, kwa idadi ndogo, na ana wateja wa makundi matatu wasiofahamiana. Kuna wanaokusanya sarafu za Afrika, kuna wanaokusanya mfululizo ule wa wanyamapori wa nchi zote, na kuna Watanzania wanaotaka Mwalimu kwenye dhahabu. Kundi la tatu ndilo dogo kwa idadi na ndilo lenye hisia. Usimdharau mtu mwenye hisia na pesa.

Hiyo 1,500 iliyoandikwa juu yake, kwa njia, haimsaidii mtu. Leo hainunui hata kilo ya sukari.

Sasa tuje kwenye bei ya tatu, ambayo ndiyo fumbo lenyewe.

Mwaka 1949 Mmarekani mmoja, William Sheldon, alitunga kipimo cha kuanzia 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za zamani za nchi yake. Wazo lake lilikuwa la kibiashara: sarafu ya daraja 70 iwe na thamani mara sabini ya ile mbovu ya daraja 1. Uwiano huo wa bei haukudumu, lakini namba zilibaki. Miaka ya 1980 zikaanza kampuni za Marekani zisizouza sarafu bali kuzikagua tu: PCGS mwaka 1986, NGC mwaka 1987. Unawapelekea sarafu, wataalamu wanaithibitisha kuwa halisi, wanaipa namba, wanaifunga kwenye slabu isiyofunguka bila kuharibika, na kuipa namba ya usajili. Herufi MS zinamaanisha sarafu iliyopigwa kwa njia ya kawaida na haijatumika. PF au PR ni ile iliyopigwa kwa ustadi wa pekee, uso wake uking'aa kama kioo. MS huanzia 60 na kuishia 70. Sabini ni sarafu ambayo jicho lenye lenzi ya kukuza mara tano halioni dosari yoyote iliyotokea baada ya kutoka mashineni.

Jambo hili lilitatua tatizo la kweli. Kabla ya slabu, muuzaji alisema "safi kabisa" na mnunuzi akasoma "safi kabisa", kila mmoja na tafsiri yake, na kifurushi kikifika ugomvi unaanza. Slabu ilimweka mtu wa tatu katikati. Ndiyo maana mtu aliye Chumbageni anaweza kumuuzia mtu aliye Arusha au Stockholm kitu cha mamilioni ambacho mnunuzi hajakigusa.

Lakini tatizo moja likitatuliwa huzaa lingine. Mitambo ya kisasa inapiga sarafu vizuri mno. Kwa sarafu za dhahabu za miaka hii, 69 na 70 zinatoka kwa wingi, na tofauti kati ya hizo mbili mimi, kwa macho yangu na miwani yangu, sijawahi kuiona. Bado mtu analipa zaidi kwa 70, wakati mwingine zaidi sana. Analipia nini? Analipia nafasi kwenye orodha. Kampuni hizi zinachapisha hesabu ya sarafu walizopima kwa kila daraja, na mkusanyaji anayeona "ziko tatu tu kwenye 70" moyo unamwenda mbio. Asichojiuliza ni kwamba hesabu ile ni ya zilizopelekwa, si ya zilizopo. Kesho wengine kumi wanapeleka zao, na tatu inakuwa saba. Na hesabu ina uchafu wake: mtu anavunja slabu ya 69, anaipeleka sarafu ileile tena akitumaini 70, asirudishe lebo ya kwanza, na sarafu moja inahesabiwa mara mbili. Halafu kuna lebo za kupendezesha, za kusema sarafu ilipelekwa ndani ya siku 30 za mwanzo tangu itoke. Sarafu haikubadilika, kilichobadilika ni karatasi. Ukinunua kwa sababu ya karatasi, uza kwa mtu anayependa karatasi, na umtafute mapema, kwa sababu wapenda karatasi huhama kwa haraka.

Kwa maoni yangu, namba ndiyo bei dhaifu kuliko zote tatu. Dhahabu haitayeyuka ndani ya plastiki, duma hatageuka paka, lakini nyongeza ya namba inaweza kupotea siku ambayo wengi wanaipata namba hiyo hiyo. Anayeuza 70 ya sarafu ya juzi asingoje. Anayeuza 67 ya mwaka 1974 hana haraka hiyo.

Na hapa ndipo ule mchubuko wa begani ulipogeuka kuwa rafiki yetu.

Slabu zinaghushiwa. Si siri, kampuni zenyewe zimekuwa zikitoa tahadhari kwa miaka mingi, kuhusu sarafu bandia ndani ya plastiki bandia zenye lebo bandia. Mghushi mwerevu habuni namba ya usajili. Anachukua namba ya kweli ya sarafu ya kweli, anaichapisha kwenye lebo yake. Mnunuzi anaingiza namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni, inakuja: 1,500 shilingi, 1974, MS 67. Anaridhika. Alichothibitisha ni kwamba sarafu kama hiyo ipo mahali fulani duniani. Hajathibitisha kwamba ndiyo hii. Na mbinu za kawaida za kuitambua dhahabu zimefungwa nje: huwezi kuipima uzito peke yake, huwezi kuitumbukiza majini, huwezi kuichora jiweni. Ukivunja slabu ili uhakikishe, umeshaua bei ya tatu kwa mkono wako.

Kinachobaki ni picha. Mara nyingi usajili una picha ya sarafu iliyopigwa siku ya kufungwa. Sasa chukua sarafu ya daraja 70. Haina alama hata moja. Ndiyo maana ni 70. Picha yake inafanana na picha ya dada zake wote, na haikusaidii kujua hii ni ipi. Sarafu yetu ya 67 ina mchubuko mwembamba begani kwa duma, umeinama kuelekea shingoni, urefu kama wa punje ya mtama. Na kwenye picha ya usajili upo, mahali palepale, umeinama vilevile. Huwezi kughushi hilo kwa bei rahisi. Kasoro iliyotunyima 70 ndiyo iliyokuwa kitambulisho chetu.

Kwa hiyo nilipopiga picha za kuuzia, mchubuko sikuuficha. Niliupigia picha yake peke yake. Nitaeleza nilivyofanya kwa kuwa picha ndizo zinazouza kuliko maneno, na plastiki ni adui wa picha. Ukiwasha taa ya simu, unapata nyota nyeupe katikati na duma hayupo. Nilikaa kibarazani asubuhi, kabla jua halijaingia, slabu nimeiegemeza kwenye kitabu kwa kuinamisha kidogo, nimevaa fulana nyeusi ili nisijione kwenye plastiki. Mbele, nyuma, lebo yenye namba inayosomeka, ukingo wa slabu pande zote ili ionekane haijachokonolewa, bega la duma. Halafu picha moja pamoja na kikaratasi chenye tarehe na jina langu kwa mkono, kwa sababu matapeli huchukua picha za wenzao na kutangaza wasichonacho. Hakuna kichujio cha rangi. Dhahabu ya 900 imechanganywa na shaba, ina wekundu wake. Ukiifanya ya manjano kama limau, mnunuzi anayejua anahama.

Shaba hiyo hiyo huzaa vidoa vya rangi ya chungwa usoni mwa dhahabu, hasa kwenye hewa yetu hii ya chumvi. Slabu si chupa ya soda. Hewa inapita taratibu. Kama una sarafu Raskazone au Pangani, iweke pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Na kidoa kikiwepo, kionyeshe. Usikisafishe, usimpe mtu akusafishie.

Maelezo niliyaandika kwa kuzitenganisha zile bei tatu wazi: gramu za dhahabu safi na thamani yake kwa bei ya asubuhi ile, nyongeza ninayotaka kwa sarafu, nyongeza ninayotaka kwa daraja. Mzee mmoja mkusanyaji alinipigia akacheka: "Kaka, unaonyesha karata zako zote." Ni kweli. Lakini watu walioijua sarafu walibishana nami juu ya kipengele kimoja kimoja, na majadiliano ya kipengele huisha. Ya jumla jumla hayaishi.

Nyongeza hizo nilizipataje? Kwa bei zilizolipwa, si zinazoombwa. Mtu anaweza kuomba milioni hamsini kwa sarafu yake miaka mitano mfululizo; hiyo ni ndoto yake, si soko. Tafuta mauzo yaliyokamilika ya sarafu hiyohiyo, kampuni hiyohiyo, daraja hilohilo. Ukitumia rekodi za minada mikubwa, kumbuka kwamba bei inayochapishwa kwa kawaida imeshajumlisha ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni kama moja ya tano ya bei ya nyundo, yaani bei ambayo mnadi aligongea. Muuzaji hakuiona fedha hiyo, na huenda alikatwa kamisheni yake pia. Nami nilikuwa nimeshamwambia dada namba ya mnada kabla sijaligundua hilo. Kuishusha namba baada ya kuitaja mbele ya dada mkubwa ni kazi ngumu kuliko kuuza dhahabu.

Wa kwanza kujitokeza alikuwa tapeli, bila shaka. Hakuuliza daraja, hakuomba picha ya nyuma, hakubishana bei. Alitaka tu kujua tuko wapi na tunatumia mtandao gani wa simu. Baada ya nusu saa ikaingia meseji ya muamala: umepokea, salio lako jipya, kila kitu. Ila ilitoka kwenye namba ya kawaida, na salio halisi halikusogea. Ni ndugu wa ile ya "ile pesa tuma kwenye namba hii", amevaa koti tu. Kanuni yangu ni kwamba meseji si fedha, skrinshoti si fedha. Fedha ni salio uliloliangalia mwenyewe. Na hata fedha ya kweli kwenye simu aliyetuma anaweza kuomba irudishwe kwa madai kwamba alikosea namba. Kwa kiasi kikubwa, benki kwa benki kupitia TISS, mfumo wa Benki Kuu wa malipo kati ya mabenki, ndiyo njia, ikishaingia imeingia.

Kwa mnunuzi wa nje ya nchi ubaya ni wa aina nyingine: analipa kwa njia inayoweza kurudishwa. PayPal, kwa mfano, inampa mnunuzi siku 180 za kufungua malalamiko. Miezi sita sarafu iko kwake na fedha yako haijawa yako sawasawa. Si kwamba kila mgeni ni mwizi. Ni kwamba yeye ana njia ya kurudi nyuma, nawe huna.

Na kuna safari yenyewe. Kanuni za posta za kimataifa haziruhusu sarafu wala dhahabu ndani ya barua ya kawaida isiyo na bima. Kampuni za vifurushi vya haraka zina orodha za visivyopokelewa, na dhahabu na sarafu mara nyingi zimo. Ukificha, bima imekufa. Ukiandika thamani ndogo kwenye fomu ya forodha ili kumsaidia mnunuzi, kifurushi kikipotea utalipwa hiyo hiyo ndogo, mbali ya kuwa umedanganya serikali mbili kwa mpigo. Kule kinakoenda kuna suala la kodi, na hapa bei zetu tatu zinarudi kwa namna ya ajabu. Umoja wa Ulaya unasamehe kodi ya ongezeko la thamani kwa sarafu za dhahabu za uwekezaji: ziwe zimetengenezwa baada ya 1800, ziwe halali kama fedha nchini kwao au ziwe ziliwahi kuwa, dhahabu isipungue 900 kwa 1,000, na bei isizidi thamani ya dhahabu yake kwa zaidi ya asilimia 80. Duma anapita kwa dhahabu kwa wembamba wa unywele, 900 kamili. Lakini bei ya sarafu na bei ya daraja zikipanda mno juu ya sakafu, anatoka kwenye dhahabu ya uwekezaji na kuwa kitu cha mkusanyaji, chenye kodi yake. Huko nyongeza yako hupimwa na forodha, si na mnunuzi peke yake.

Upande wetu, Tanzania inaifuatilia dhahabu kwa macho mawili. Tangu 2019 tuna masoko ya madini, na kuitoa dhahabu nchini kuna vibali vyake. Usimwachie ofisa wa uwanjani aamue kama ulichoshika ni sarafu au ni dhahabu. Ulizia forodha na Tume ya Madini kabla ya safari, kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi.

Hayo yote tulipoyaweka mezani, dada akasema, "Hivi hakuna mtu hapa hapa nyumbani?" Alikuwepo, Dar es Salaam, katika lile kundi la tatu. Ndani ya nchi mambo yalikuwa mepesi, ila jambo moja: wakusanyaji tumezoea kuongea kwa dola, na kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania. Tukaandika shilingi. Tukakubaliana pia bei ya dhahabu ni ya saa ngapi, kwa sababu kati ya Jumatatu ya maelewano na Ijumaa ya malipo dhahabu inaweza kupanda au kushuka, na mmoja wenu atajiona amepunjwa. Sisi tulifunga nyongeza mbili siku ya Jumatatu na kuacha sakafu ifuate bei ya Ijumaa saa nne asubuhi.

Alikuja kwa basi la alfajiri. Tulikutana ndani ya benki. Alitoa lenzi, akafungua picha ya usajili kwenye simu yake mwenyewe, si yangu, akaziweka sambamba. Alikwenda moja kwa moja begani. Kisha kwenye ukingo wa slabu. Kisha akaomba risiti ya Durban, akaisoma mara mbili. Tuliandikiana karatasi: namba ya usajili, uzito, kiasi, majina, sahihi, nakala mbili. Tukakaa kwenye viti vya plastiki mpaka salio la dada likasogea.

Wiki iliyofuata nilipita kwa sonara kuchukua saa. Akauliza kama ile sarafu tumeiuza, nikamwambia ndiyo, nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza mpaka kwa mnyama.

"Umeuona?" akasema. "Si nilikwambia ina mchubuko?"